Kaka Yake Ndani ya Disketi

Kitabu chenyewe kilikuja nyumbani ndani ya jaketi ya mjomba, hakina kava wala kurasa za mwanzo. Mjomba alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha Industrial Area kinachosaga karatasi kuukuu na kuzifanya katoni. Alipoona kitabu hiki chenye picha nzuri kikielekea kwenye mashine, alikihurumia kama mtu anavyomhurumia kuku wa sikukuu.

"Mpwa wangu, huyu nimemwokoa," aliniambia, akakitandaza mezani.

Ndani mlikuwa na picha za watu wenye mapanga, majoka, ngome za mlimani, na majedwali ya namba ambayo sikuyaelewa hata kidogo. Nilikuwa nimeishia darasa la nane na Kiingereza changu kilikuwa cha kupapasa, lakini mimi ni mtu wa kuota mchana macho wazi. Nikajua tu kwamba hapa pana raha imejificha. Nikakimbia nacho kwa jirani yangu wa mlango wa pili.

Jirani huyu alikuwa rika langu, binti wa mchonga vinyago. Watu wao ni wa Ukambani, sisi wa magharibi, na ploti yetu, nyumba za kupanga za mtaa wa Umoja, ilikuwa imetuchanganya hadi mama zetu wakawa wanaazimana hata watoto. Yeye alikuwa amefika kidato cha pili, kwa hiyo Kiingereza kikawa kazi yake. Aliyetuongezea makelele ni mvulana wa ghorofa ya ng'ambo, mtoto wa karani, ambaye hakuna siku alikubali kitu bila kwanza kukibishia.

Ilituchukua muda mrefu kujua kwamba kile kitabu hakikuwa cha hadithi bali cha mchezo. Si mchezo wa ubao kama drafti. Mnakaa mezani, kila mmoja anakuwa mtu mwingine: mwindaji, mganga, mwizi mwenye moyo mzuri. Mmoja wenu ndiye anayesimulia nchi mliyomo na hatari zake. Sisi tulimwita refa. Refa anasema, "Mmefika mtoni, maji yamejaa." Wewe unajibu unafanya nini. Kama ni jambo gumu, dadu inaamua kama umeweza.

Dadu ndizo zilitutesa. Kitabu kilitaka dadu za pande nyingi, siyo hizi za pande sita za kamari. Baba yake jirani akajaribu kutuchongea moja kwa kipande cha mti kilichobaki kwenye kazi yake. Ilitoka nzuri mno, inang'aa, ila upande mmoja ulikuwa mzito na kila ukiirusha inalalia palepale. Mtoto wa karani alishinda vita vitatu kabla hatujamshtukia. Tukaiacha. Tukaandika namba kwenye vizibo vya soda, tukavitia ndani ya soksi, ukawa unachopoa kimoja bila kuangalia. Soksi hiyo ilikuwa ya baba yangu na hakuwahi kujua ilikokwenda.

Sasa, kwa sababu kurasa za mwanzo zilikuwa zimekatika, hatukujua mtu wako akifa kwenye mchezo inakuwaje. Mtoto wa karani alisema anatoka tu, mnaendelea.

"Anatoka tu?" nikamuuliza. "Kama mbwa?"

Tulikuwa tunachezea kwetu, na kwetu maiti haiachwi hivyo. Basi tukatunga sheria yetu: mtu akifa, mchezo unasimama, tunafanya matanga. Kila aliyemfahamu marehemu anasema neno moja juu yake, tunaimba wimbo mmoja wa kanisani, tunakunywa chai, halafu ndiyo mwenyewe anaruhusiwa kuanza na mtu mwingine. Wa kwanza kufa alikuwa mpiganaji wa mtoto wa karani, alisombwa na maji. Tulimwimbia kwa uchungu hadi mama mwenye duka la mkaa akaja mbio, leso tayari kiunoni.

"Ni nani ametuacha?"

"Ni mpiganaji, mama."

"Wa wapi?"

"Wa… wa kwenye kitabu."

Alitutazama mmoja mmoja. "Nyinyi mnahitaji maombi," akasema, lakini chai aliinywa.

Baadaye jirani yangu ndiye aliyegeuka kuwa refa wetu wa kila mara. Majoka yalimchosha haraka. Akaanza kutunga nchi yake mwenyewe, nchi yenye mto mweusi unaopita kati ya viwanda, mabati yanayoimba mvua ikinyesha, na wachuuzi wenye uchawi mdogomdogo kama wa kufanya nyanya zisioze. Na juu ya ule mto aliweka daraja, na kwenye daraja akaweka mtu.

Siku ya kwanza tulipofika darajani, yule mtu alitutazama miguu kwanza.

"Eh, wakubwa!" refa akatuongelea kwa sauti nzito. "Hivyo ni viatu au ni mikate imepondwa?" Halafu akacheka kabla hata hajamaliza sentensi. Akatuuliza tunakwenda wapi, akatuelekeza njia kwa uhakika mkubwa, njia yenyewe ikiwa si hiyo, na akatukatia mahindi yake ya kuchemsha ili tusiende na njaa.

Nilimtambua kabla hajamaliza kucheka. Alikuwa kaka yake refa. Kaka yake alikuwa utingo wa lori la unga, na hakuna aliyepita ploti yetu bila kutaniwa viatu. Ukimuuliza njia anakupoteza kwa upendo. Mvua kubwa za mwaka uliotangulia zilimwangusha kwa kifua, akalala hospitali siku chache, hakurudi. Wazazi walimpeleka nyumbani kwao kumzika, na jirani yangu akaachwa hapa kwa sababu alikuwa na mtihani na nyumba haikuweza kubaki peke yake. Hakuona kaburi. Hakusikia watu walisema nini.

Mimi na mtoto wa karani tulitazamana, tukatia mkono kwenye soksi, tukavuka daraja. Hata yeye siku hiyo hakubisha.

Kutoka hapo kila mchezo ilikuwa lazima tupitie darajani. Tulikuwa tunatafuta sababu. "Nimesahau kofia ng'ambo," nilikuwa nasema, na refa alikuwa anajua, anakohoa kidogo, sauti nzito inatoka.

Nilianza kuyaweka haya yote kwenye kompyuta kwa sababu ya paa. Mvua ilipenya kwao ikalowesha daftari alimoandika nchi yake, na kitabu cha mjomba kilikuwa kinaachia kurasa kama mti unaopukutika. Wakati huo mimi nilikuwa ninasoma kutaipu kwenye chuo kidogo cha kompyuta, chumba kimoja juu ya bucha, wanafunzi wanne kwa mashine moja. Nikamwambia jirani nitataipu kila kitu: sheria za kitabu kwa Kiswahili chetu, matanga yetu, na nchi yake yote na daraja lake. Tutie kwenye disketi, na mvua inyeshe itakavyo.

Hapo ndipo mtoto wa karani alipotuletea ukurasa wa mwisho.

"Someni hapa," alisema, kidole kikiwa juu ya herufi ndogo. "Hairuhusiwi kunakili sehemu yoyote ya kitabu hiki kwa njia yoyote ile. Kwa mashine, kwa mkono, kwa chochote. Mtashikwa nyinyi."

"Wao walikuwa wamekitupa kisagwe," nikasema. "Mjomba amekiokoa."

"Sheria haimjui mjomba wako."

"Lakini sisi hatunakili," jirani akasema. "Tunatafsiri."

"Hata kutafsiri kumeandikwa. Angalia mwenyewe. Hawa watu walifikiria kila kitu."

Nilijaribu kuwafikiria hao watu. Niliwaona wakiwa wengi, wamekaa mezani kama sisi, wana dadu za kweli, wanabishana kama joka linaweza kuogelea. Ni kazi, ile. Mtu hawezi kutunga majedwali yote yale bila kukesha. Kama ningejua waliko, ningewaandikia kuwaomba, tena kwa Kiingereza cha jirani yangu, siyo changu. Lakini kama majina na anwani yao yaliandikwa, yalikuwa kwenye zile kurasa zilizosagwa. Nilitaipu. Sikusema kimoyomoyo kwamba nina haki. Nilisema tu kwamba nikiacha, kitaoza, na nchi ya jirani itaoza pamoja nacho. Hata leo nikijiuliza, jibu langu halijawa zuri kuliko hilo.

Pale chuoni kulikuwa na desturi moja. Mwalimu hakuwa na vitabu vya mazoezi, kwa hiyo maandishi yoyote yaliyobaki kwenye mashine yaligeuka kuwa zoezi la darasa. Barua ya mtu kuomba kazi, tangazo la harusi, maombi ya kikundi cha akina mama, sisi tulivitaipu vyote kunyoosha vidole. Na mimi, kwa kuogopa disketi isije ikaharibika, niliacha nakala kwenye mashine. Jumatatu nilipanda ngazi nikakuta darasa zima linataipu daraja. Watu wazima na vijana, wameinama, wanapigapiga "hivyo ni viatu au ni mikate". Mmoja alikuwa anacheka peke yake.

Nilifurahi, nisidanganye. Nilikimbia nyumbani kumwambia jirani kwamba mto wake umekuwa somo. Yeye pia alitabasamu. Wala mimi wala yeye hatukufikiri kwamba mtu akishataipu kitu kwa vidole vyake, jioni ataweka disketi yake mfukoni na kwenda nayo kwao.

Habari ililetwa na mtoto wa karani, kutoka kwenye mpira wa mtaa wa Mowlem.

"Manze, hamwezi amini! Vijana wa Mowlem wanacheza mchezo wetu! Soksi na vizibo, kila kitu! Wako na refa, wako na mto, tena wamemuua yule jamaa wa da—"

Akaziba mdomo, lakini lilikuwa limeshatoka. Jirani yangu alikuwa anasugua sufuria kwenye bomba. Akaiweka chini polepole.

"Wamemuua nani?"

"Ni mchezo tu."

"Nimekuuliza wamemuua nani."

Akafuta mikono kwenye sketi, akaingia kwao. Nilimfuata. Baba yake alikuwa ameketi na twiga wa mti kati ya magoti, anampiga msasa, na jirani akamwambia yote kwa pumzi moja: watu asiowajua wana kaka yake, wanamfanya wanavyotaka, wamemuua mara ya pili, na anataka wafute, wote, kila mwenye disketi afute.

Mzee alipuliza vumbi. "Mwanangu, hivi vitu haviko na mwenyewe. Mimi natengeneza twiga, yule wa upande ule anatazama, kesho anatengeneza twiga. Nitamshtaki? Hata mimi nilitazama mtu."

"Baba, huyu si twiga."

Msasa ukasimama. Mzee akamrudia twiga wake, lakini hakumsugua. Alimshika tu.

Jumamosi tukaenda Mowlem, yeye na mimi. Niliyemjua huko ni mwanafunzi mwenzangu wa pale juu ya bucha, kijana mrefu anayetaipu kwa vidole viwili. Njiani nilijaribu kumtuliza jirani. Nilimwambia tuongee polepole, tuombe kwa upole, watu wa Mowlem ni wazuri. Hakunisikia. Alikuwa anatembea kama mtu anayekaribia kulipuka.

Kijana alitufungulia mlango akiwa na furaha yote. "Aah! Sasa! Mwenye mchezo mwenyewe amekuja! Ingieni, ingieni. Sister, weka chai."

"Ni wewe uliyemuua kaka yangu?" jirani akamuuliza mlangoni.

Tabasamu likabaki usoni mwake bila kazi. Dada yake, msichana mwenye mabega kama ya kijana wa gereji, akatokea nyuma yake na birika mkononi.

"Kaka yako ni nani?" kijana akauliza.

"Wa darajani."

Alinitazama, nikamwitikia kwa kichwa. "Haki ya Mungu," akasema. "Sikujua ni mtu. Nilidhani ametoka kwa kile kitabu."

"Ni mimi," dada yake akasema. Aliweka birika chini. "Yeye alikuwa refa tu. Mimi ndiye nilimsukuma mtoni. Nilikuwa nataka daraja. Pole sana, dadangu. Mimi sikujua."

Tukaingia, kwa sababu hakuna aliyejua afanye nini kingine. Kijana akatoa disketi kutoka kwenye kopo la kakao, akampa jirani kwa mikono miwili. "Chukua. Ni yako. Mimi sina nyingine. Lakini nisikufiche, kuna mtu wa Kayole alinakili kwangu, na yule wa Kayole ana marafiki."

Jirani yangu aliishika. Nilimwona anaanza kuelewa kile nilichokuwa nimekielewa njiani nikakosa ujasiri wa kukisema: kwamba hakuna tena mahali pamoja pa kwenda kumkusanya kaka yake. Macho yake yakajaa. Na yule dada, ambaye nadhani hakuweza kustahimili machozi hayo, akasema:

"Lakini tulimfanyia matanga."

"Nini?"

"Si imeandikwa kwa sheria? Mtu akifa, mnasimama, mnasema. Tulisema. Hata mimi niliyemuua nililazimishwa niseme."

Walidhani ni sheria ya wazungu wa kitabu. Wala hatukuwaambia kwamba ni ya nyumbani kwetu, ya pale mezani kwa mama.

Jirani alikaa chini kwenye kigoda. "Mlisema nini?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Wakatazamana. Kijana akajikuna shingo. "Mimi nilisema alikuwa anatupoteza njia lakini alikuwa anatupoteza na chakula. Rafiki yangu mmoja akasema, tangu huyu afe hakuna mtu ananiangalia viatu. Mwingine, wa hapa jirani, akasema hajawahi kuonana na mtu anayecheka kabla ya kichekesho, na sasa kila akisema kichekesho anaona kimechelewa."

"Na wewe?" jirani akamuuliza yule dada.

"Mimi nilisema…" Alitazama birika. "Nilisema nilipata daraja, na sasa nikikaa pale sina mtu wa kuongea naye."

Jirani yangu alilia hapo, kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani wakiwa wamefika. Nikamshika bega. Yule dada aliyemuua kaka yake akaja akamshika bega lingine. Chai ikachemka mpaka ikamwagikia jiko, na kijana mrefu akawa analizima na kulipanguza, akitutazama kama tumemletea mvua ndani ya nyumba.

Jirani alipotulia, aliuliza mambo madogo. Alikuwa amevaa nini kwenye mchezo wenu? Mahindi yalikuwa ya kuchemsha au ya kuchoma? Aliwaita wakubwa? Wakamjibu yote. Mengine waliyabuni wao, na hayo ndiyo aliyoyasikiliza zaidi, ameinamisha kichwa. Niliona sura yake ikibadilika na nikaielewa. Sisi kwenye ploti tulikuwa tunamrudishia yale ya kaka yake tuliyokwisha kuyajua. Hawa walimletea mapya. Kule kwao mtu wa darajani alikuwa amewahi kumkimbiza mbuzi wa chifu mpaka ndani ya duka la dawa. Kaka yake hakuwahi kumkimbiza mbuzi yeyote, lakini angeweza. Angeweza kabisa.

Tulipoinuka kwenda, kijana akamkumbusha disketi aliyokuwa ameiacha juu ya meza.

"Baki nayo," jirani akasema. "Lakini itabidi tuongeze maneno."

Jumatatu alipanda nami ngazi za bucha, mara yake ya kwanza kukaa mbele ya kompyuta. Nilitaka kutaipu mimi, akakataa. Alitafuta herufi moja moja, ulimi nje, na darasa zima likamsubiri. Maneno yake aliyaweka juu kabisa, kabla ya mto. Aliandika kwamba nchi hii aliitunga yeye, na sheria za mchezo zimetoka kwenye kitabu cha watu wengine ambao hatuwajui majina, tunawashukuru. Kwamba anayetaka anakili, ampe na mwenzake. Halafu akaandika: mtu wa darajani ni kaka yangu. Mnaweza kucheza naye. Lakini kila atakayemnakili lazima aje aniambie alifanya nini kwenu. Akaelekeza njia ya ploti yetu, na kwa mara ya kwanza katika ukoo wao maelekezo yalikuwa sahihi.

Mtoto wa karani alisoma, akasema hiyo si sheria, hakuna mahakama inayoweza kumlazimisha mtu aje kunywa chai. Tuliwapa disketi mpya wale wa Mowlem, nao wakampelekea yule wa Kayole. Wiki zikapita, hakuja mtu. Nilianza kumwonea huruma. Kila mlango wa nje ukilia alikuwa anainua kichwa.

Walikuja Jumapili moja baada ya kanisa, wanawake wawili vijana, wametembea kutoka Mukuru kwa Njenga. Walifanya kazi kiwanda cha peremende na walikuwa wanacheza na wenzao siku za mapumziko. Walisimama mlangoni wakiona haya.

"Hapa ndipo kwa dada wa mtu wa darajani?" mmoja akauliza. "Tumeambiwa lazima tuje."

Jirani yangu aliwakalisha, mimi nikaweka maji jikoni. Hata mzee alisogeza kigoda chake karibu, akijifanya anatafuta msasa.

"Haya," jirani akasema. "Alifanya nini kwenu?"

"Kwetu aliacha daraja," yule mwingine akasema. "Tulimtania viatu sisi kwanza, kabla yeye hajatutania. Akakosa la kusema. Akachukua mahindi yake, akatufuata."

"Daraja akamwachia nani?"

"Hakumwachia mtu. Aliliacha tu hivyo."

Mzee akacheka, cheko fupi lililomtoka puani. "Huyo ndiye yeye," akasema. "Huyo ndiye kabisa."

"Na sasa yuko wapi?" jirani akauliza.

Wale wanawake wakatazamana. "Bado tuko njiani naye," wa kwanza akasema. "Anasema anajua njia ya mkato."